Capteur ya nyuma, na mugeni mwenye alifika mbele ya saa

Mucheke tu, haina neno, ju mpaka leo nikipita karibu na kanisa bamama ba korali banafunikaka kinywa na kitambaa, na miye nakazaka tu shingo, ningefanya nini?

Bilianza na kelele. Gurudumu ya nyuma ya motokari yangu, ile roue ya kushoto, ilikuwa inalia wuuu, na Fidèle, mécanicien wa hapa kwetu Bel-Air, akaniambia: "Papa Jospin, roulement, ile beringi ya kuzungusha roue, ilikufa. Ulete motokari lundi." Lakini samedi, siku mbili mbele ya ile lundi, mama mukwe alikuwa anafika na train ya Kamina, mara yake ya kwanza kulala kwetu, na bantu ba kule habachezeke na bukwe: mpaka siku batakupikia kuku ya kufungula kinywa, wewe na mama ya bibi yako hamuongee, hamukule pamoja, mukikutana mu njira kila muntu anaangalia pembeni. Ile kuku nilikuwa naingojea miaka ine (ndiyo, ine!). Nikimupokea muzuri, ataambia bawazee bapike. Nikimupokea mubaya, nitazeeka bila kumusalimia. Sasa niende kumubeba ku gare, kule train inasimamaka, na motokari inalia? Hapana. Nikasema, roulement nitabadirisha miye mwenyewe, samedi asubui, mbele train haiyafika.

Fidèle alinikopesha byombo na shauri moya tu: "Mbele ya kupiga nyundo, utoshe capteur, kale kanahesabuka mizunguko ya roue, kasivunjike."

Kutosha, kukaondosha mule ndani! Kutu na vumbi yetu nyekundu bilishakagandisha ndani ya chuma. Nikatia mafuta, nikangoja, nikazungusha na pince, ile koleo ya Fidèle, kiloko kuume, kiloko kushoto, wapi. Njo nikategemesha motokari na miti, nikaingia chini muzima, kichwa ku roue ya kushoto, miguu inatokea upande wa kuume, nikakamata capteur na mikono yote mbili, nikaita bibi yangu: "Clarisse, kuya univute miguu!"

Nikasikia masandale inakuya polepole. Ikasimama.

"Vuta basi!"

Masandale ikarudi hatua moya nyuma.

"Eh, mama, unaogopa miguu yangu? Unangojea mama yako afike atukute bachafu hivi? Ule mama, akiangalia sufuria, hata maharagi inaogopa kuchemka! Vuta!"

Mikono mbili ikashika suruali yangu chini, mikono nguvu, ya muntu mwenye kulima, ikavuta mara moya. Capteur ikatoka pwaa, nzima kabisa (hii mukumbuke, ju hakuna mwenye kuniuliza juu yake). Suruali ikatoka mbele, miye nikafuata nyuma, na caleçon yangu ya maua, ile nguo ya ndani.

Nikafungula macho. Mama mukwe! Alikuwa ameshika suruali yangu na huku anaangalia ukuta wa jirani, vile desturi inaomba. Padiri wa kanisa yetu alimupatiaka nafasi mu jeep toka Kamina, njo akafika mbele ya train, sasa padiri mwenyewe alikuwa pa mulango na valizi, na Clarisse nyuma yake, mikono ku kichwa. Mama hakunijibu ju hakuwa na ruhusa ya kuongea na miye. Alinivuta ju ya huruma.

Nilikimbia mu chumba, nikafunga, nikakaa pa kitanda na pince yangu mu mukono. Nikasema, kuku imekwenda, miaka ine yote bure. Clarisse aligonga, sikufungula.

Kisha nikasikia sauti ya mama mukwe mu colidor, anaongea na binti yake, lakini nguvu, ili nisikie: "Muambie bwana yako avae, akuye. Kuku nilikuya nayo toka Kamina, bawazee balinituma. Nilisema tutaipika kesho dimanche, na heshima zote. Lakini mutoto mwenye nilishamutosha suruali, nitamufichia uso mpaka lini?"

Tulikula ileile mangaribi, meza moya, na mama alicheka mpaka machozi. Miye pia. Lakini nilikula kiapo: nikiwa chini ya motokari, muntu asiniguse miguu mbele hajasema jina yake, na kama hasemi, nitabakia kule na capteur yangu.