Sekunde Tisa za Dorianne

Dorianne Zerafa alikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya muziki, na vipande kumi na saba alivyotunga ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuvipiga. Cha kumi na nane kikapata bahati. Klabu ya bendi ya kijijini kwao, hapa hapa Malta, ikakubali kukipiga mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Roko, uwanjani mbele ya kanisa. Si kwa mapenzi. Shangazi yake Ġuża ndiye anayeshona sare za bendi, na aligoma kutia vifungo mpaka wakubali.

Halafu Maestra Vassallo, mwongozaji wa okestra ya mjini, akasema atakuja kusikiliza. Alikuwa anatafuta kazi mpya ya kupiga Januari. Moja tu. Dorianne akaacha kula.

Maana katikati ya kipande aliandika kimya. Sekunde tisa, wapigaji sitini wameshika vyombo, hakuna hata kikohozi. Na kijiji hiki, bendi ikinyamaza tu, watu wa fataki kule shambani wanalipua. Ndivyo ilivyo tangu enzi za babu zao. Akamfuata Censu, mkuu wa fataki.

"Mjomba Censu, bendi ikinyamaza usilipue."

"Nilipue wakati inapiga? Unataka nifukuzwe?"

"Itanyamaza, halafu itaendelea."

"Watakuwa wamepotea?"

"Hapana. Nimeandika hivyo mwenyewe."

Censu akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, umesoma miaka mitano ili uandike pasipo na kitu?"

Wakakubaliana. Shangazi Ġuża atasimama juu ya paa la nyumba yake, na kipande kikiisha kabisa atapunga kitambaa cheupe cha meza. Censu asiwashe kitu kabla hajakiona. Wakapeana mikono, watu wazima wawili, wala hakuna aliyekumbuka kwamba mwezi wa nane kijiji kizima kinakula chakula cha jioni juu ya paa.

Siku ikafika. Jua linazama, uwanja umejaa, watu wanatafuna kashata za lozi. Maestra kakaa mbele, mkoba mapajani. Dorianne akapanda jukwaani mwenyewe, akainua kijiti. Dakika nne za kwanza zilikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Akashusha mkono.

Kimya.

Moja. Mbili. Watu mia sita wameacha kutafuna. Tatu. Nne. Dorianne alitaka kulia kwa raha.

Tano. Paa la pili kutoka kwa Ġuża, Bi Karmena, aliyekwisha kula, akakung'uta kitambaa chake cha meza, nacho cheupe.

Karmena ni shabiki wa klabu pinzani ya bendi hapo kijijini, ya Mtakatifu Katarina. Mpaka leo anaapa alikuwa anakung'uta makombo tu.

Censu akalipua vyote. Madirisha yakatikisika, njiwa wakahama, watoto wachanga wakalia. Dorianne akaendelea kuongoza, kwa sababu angefanya nini? Wapigaji wakapuliza mpaka mashavu yakawa mekundu, hakuna aliyesikia hata noti moja. Moshi ulipoisha, kipande nacho kikawa kimeisha.

Hapo ndipo Shangazi Ġuża, mtu wa ahadi, akapunga kitambaa chake.

Kule shambani, kimya. Censu hakuwa amebakiwa na hata kiberiti.

"Napunga!" Ġuża akapiga kelele. "Censu! Macho yako umeweka wapi? Napunga!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Dorianne akashuka jukwaani, moja kwa moja kwa Maestra, akitaka kumalizana na aibu mapema.

"Samahani, Maestra. Nusu ya pili hukuisikia."

"Hata kidogo." Maestra alikuwa anatoa sikioni pamba aliyoitia fataki zilipoanza. "Kile kimya uliandika sekunde ngapi?"

"Tisa."

"Nimehesabu tano. Mimi kule ukumbini, kwa watu waliovaa tai, sijawahi kupata mbili. Kuna mtu lazima afungue peremende. Lete karatasi."

Akasoma nusu ya pili palepale, amesimama, kidole kikipiga mkoba. Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Akasoma tena.

"Januari," akasema. "Na usipunguze hata sekunde."

Juu ya paa, Ġuża bado alikuwa anapunga.

"Dorianne!" akaita. "Niache, au kuna kingine?"