Sheshe na Gari Linaloitika

Madereva wengi wa Lushoto hufunga gari wakiwa wamesimama ubavuni mwake, kama watu. Sheshe, dalali wa kabichi na karoti, hafungi mpaka afike mbali. Akishaegesha karibu na soko hushuka, hubamiza mlango, hutembea taratibu akiwa ameupa mgongo ulimwengu mzima, na akifika mlangoni kwa Twaha, muuza vifaa vya shamba, ndipo anapoinua mkono juu ya bega bila kugeuka na kubonyeza rimoti. Gari linalia pii-pii na kukonyeza taa. Hapo Sheshe hutabasamu kidogo na kuingia dukani.

Watu walikuwa na maelezo yao. Twaha alisema ni maringo tu, ili soko zima lijue gari ni la nani. Mwanaidi, muuza njegere, alisema ni wasiwasi: ukifunga kwa karibu, ukifika mbele kidogo moyo unakuuliza kama umefunga kweli, basi afadhali ufungie huko huko mbele. Mwenyewe ulipomuuliza alikujibu eti ukilikaribia mno betri ya rimoti huchoka. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba katika maisha ya Sheshe, gari ndicho kitu pekee kilichomwitikia kila alipoita. Wakulima wa Kwai walimzungusha, wanunuzi wa Dar hawakupokea simu, na mkewe Anitha, basi tu, mkewe hakuwepo.

Anitha alikuwa kwao Rangwi. Aliaga anakwenda kusalimia, maharage ndiyo kwanza yanapandwa. Yakaota, yakachanua, yakavunwa, yeye bado anasalimia. Sheshe aliwaambia watu kwamba anamsaidia mama yake shambani, lakini nyumba ilikuwa na baridi hata kwa mtu aliyezaliwa milimani, na kila jioni alikula ugali wake akiutazama mlango. Alimpenda mkewe, hilo lisiwe na ubishi. Alipompigia simu kumuuliza kwani nani amemfukuza, Anitha alimjibu kwamba akufukuzaye hakwambii toka, kisha akakata.

Ndipo mama mkwe, Mama Elisante, alipotuma salamu kwamba anashuka sokoni na angependa mkwewe ampokee Magamba. Sheshe hakuhitaji mkalimani. Mama anakuja kumtazama kwa macho yake mwenyewe, na neno atakaloondoka nalo ndilo litakalomrudisha Anitha au kumbakiza huko moja kwa moja.

Akaliosha gari mpaka matairi. Sasa, Msambaa aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mama mkwe, wala haketi naye ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo Mama Elisante aliketi kiti cha nyuma, ambacho kwa kawaida hubeba magunia ya karoti, na Sheshe akakigeuza kioo cha kutazamia nyuma kikaelekea darini, asije akakutana na macho yake. Akateremka kutoka Magamba kwa kubahatisha, malori yakimpigia honi na heshima ikimtoa jasho.

Walipofika sokoni aliuambia usukani, "Mama, tumefika." Nyuma sauti ndogo ikajibu, "Haya, baba." Hapo pakazuka tatizo jingine, maana ni aibu mkwe kusimama akimwangalia mama mkwe anavyoteremsha miguu garini. Sheshe akatoka upesi na kuondoka bila kugeuka, ili mama ashuke kwa nafasi yake. Akasikia mlango ukifungwa kwa kishindo. Ulikuwa wa gari la jirani, lakini angejuaje? Alipofika kwa Twaha, alikotaka kumchagulia mama jembe jipya la zawadi, mkono ukainuka wenyewe juu ya bega. Pii-pii.

Mama Elisante alikuwa bado anatafuta pa kufungulia. Hata alipopapata hapakumsaidia kitu, kwani milango ya nyuma ilikuja na kile kitasa kinachozuia watoto wasifungue kwa ndani, na Sheshe hakuwahi kukigundua. Karoti hazijawahi kuomba kushuka. Mama akainama kuangalia kama kuna kamba ya kuvuta chini ya kiti, na gari likapiga kelele soko zima likasikia. Dukani Sheshe akabonyeza bila kutazama. Likanyamaza. Akabonyeza tena, likajifunga upya.

Mwanaidi akapita, akamwona mama wa watu ameketi nyuma kwa utulivu, akainama dirishani kumpa shikamoo. Kwetu humuulizi mtu mzima kwa nini amekaa alipokaa kabla hujamjulia hali yake, ya watoto na ya mvua za huko atokako. Mama akaitika marahaba nyuma ya kioo, akainamisha kichwa, gari likalia. Kwa Twaha mkono ukainuka. Wakaja akina mama wengine, kila mmoja na shikamoo yake, na kila marahaba ikaamsha makelele mapya. Walipomuuliza kama hashuki, alijibu kwamba anamngoja baba. Angesema nini? Kwamba mume wa binti yake amemfungia ndani? Bora abaki humo hadi jioni.

Twaha aliuliza kama gari halijapatwa na jambo. Sheshe akamweleza kwamba ni upepo, alamu hii ina masikio makali, si ya kubahatisha. Akabonyeza tena, safari hii kwa madaha, kidole kikiwa juu.

Mwishowe Mwanaidi akaingia dukani. Akasalimia, akauliza habari za kazi, akaitikiwa, ndipo aliposema, "Yule mama garini ni mgeni wako? Anaitikia vizuri sana, ila naona pumzi zimeziba vioo."

Sheshe alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye matope. Bahati yake ilikuwa Lushoto na ukungu wake. Ingekuwa Mombo, kule chini kwenye joto, mama angekuwa ameshaiva. Kwa papara alilifungua gari, akalifunga, akaliamsha kelele, akalifungua tena, huku soko zima likimhesabia. Mlango ulipokubali, alichutama na kuangalia chini.

"Nisamehe, mama. Nilidhani umeshashuka."

"Ungegeuka ungeniona," alisema Mama Elisante. Akashuka taratibu, akajifunga kanga upya, akangoja watu wasogee. "Anitha aliponieleza nilidhani anazidisha. Unapiga honi barabarani atoke akufungulie. Chai unaiitia sebuleni. Kumuaga unamuaga umeshafika njiani, umempa mgongo, unasubiri aitike. Leo nimekaa humo ndani, baba. Nimemwelewa mwanangu."

Sheshe alitamani ardhi impokee. Aibu ya kuchekwa na soko aliweza kuibeba. Ile ya maneno ya mama ilimwingia kifuani ikakaa. Aliuliza, kwa sauti ambayo hata Mwanaidi hakuisikia, mama atakwenda kumwambia nini Anitha. Mama akasema hana la kumwambia. Mwenye mke ana miguu na ana mdomo.

Basi alasiri, mama alipomaliza shughuli zake, Sheshe alimpeleka hadi Rangwi kwenyewe. Gari likaishia barabarani, maana njia ya kwenda nyumbani ni ya kupanda kwa miguu. Siku za nyuma angepiga honi kutoka pale chini. Akapanda, akihema, na kumkuta Anitha pembeni ya shamba akimkatia ng'ombe majani. Hakumwita. Alimsogelea mpaka akaona matope kwenye mabuti yake na jani lililonasa kwenye kilemba.

"Nimekuja kukuomba turudi," alisema. "Nyumba imenishinda. Si kupika, kukaa."

Anitha, mundu mkononi, akatazama chini bondeni, ambako ukungu ulikuwa umekwisha kuifunika barabara.

"Gari umefunga?"

Sheshe akapapasa mfuko mmoja, akapapasa mwingine. "Sijui," alisema, macho yakiwa bado kwake.

Katika ndoa yao yote Anitha hakuwahi kumsikia mume wake akitamka neno hilo. Akacheka mpaka akauweka mundu chini. Kisha akauinua mzigo wa majani, akamtwisha Sheshe, na kumwambia wamlishe ng'ombe kwanza, halafu yeye Anitha akafungashe nguo zake.