Trela ya Mume Wangu Niliitoa Mwenyewe, Nikamsingizia Mwenyekiti

Admin, nifichie jina, maana hata wanangu wanasoma hapa. Mimi ni mjane wa miaka sabini na sita, naishi Mikumi kwa mwanangu wa kwanza. Nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala kwenye shamba la mkonge Kilosa. Meneja wa Kizungu alipoondoka, aliacha trela ndogo ya kulala watu wawili, ya kuvutwa na gari, yenye mgongo wa mviringo kama tone la maji. Mbao zilishaoza, imebaki fremu na magurudumu. Tulipohamia kijiji cha ujamaa upande wa Tindiga, mume wangu akaja nayo. Miaka miwili, kila akitoka shamba la kijiji, alikuwa uani na randa yake. Alichonga mbavu za mninga, akapigilia plaiwudi, akafunika bati, nyuma akaweka kabati la jiko lenye mfuniko wa kunyanyua. Aliniambia, "Mama watoto, ikiisha nitaazima gari, twende Mikumi tukalale tusikie simba, mimi na wewe tu."

Ilibaki milango. Akaenda Kilosa mjini kutafuta bawaba. Alipokuwa huko, jirani yangu akashikwa na uchungu, siku ya pili mtoto hatoki. Ilikuwa masika, njia yote tope. Mwenyekiti wa kijiji akaja na trekta, akitaka trela yetu imbebe hadi hospitali, akasimama nje.

"Shemeji, mwenyewe hayupo, na bila ruhusa siichukui. Unasemaje?"

Nikasema, "Chukueni." Godoro nilitandika mimi.

Jirani alijifungua salama humo humo njiani. Lakini trela haikurudi. Ikawa ya wagonjwa, baadaye ikabeba mahindi, bati likang'oka. Siku mume wangu aliporudi kutoka Kilosa, kabla ya hayo yote, akauliza, "Iko wapi?" Nikauogopa uso wake. Nikajibu, "Mwenyekiti kaja na watu, wameichukua kwa nguvu."

Hakugombana na mtu. Alifunga vifaa vyake kwenye gunia, useremala ukaishia hapo. Mpaka anakufa hakuitikia salamu ya Mwenyekiti. Na yule mzee alijua kwa nini. Siku ya mazishi alinishika mkono, akasema, "Pole, shemeji," basi. Hakunitaja kwa mtu yeyote mpaka naye akafa.

Mwaka huu mwanangu ameikuta ile fremu nyuma ya ghala bovu la kijiji. Ameileta nyumbani, anaijenga upya, mbavu zimeshasimama. Anasema, "Mama, wa kwanza kulala humu ni wewe." Namwitikia tu, moyo mzito.

Sasa binti yake amepata mchumba, na kijana huyo ni mjukuu wa Mwenyekiti. Mwanangu amerudisha barua ya posa. "Waliomdhulumu baba yangu hawaoi kwangu!" Binti hali, analia tu. Amenifuata chumbani: "Bibi, wewe ulikuwepo. Mwambie baba ilivyokuwa." Nikamjibu nimesahau.

Sijasahau hata kidogo. Nikisema, mwanangu atajua aliyemvunja moyo baba yake ni mimi, na kwake ndiko ninakolala na kula. Nikinyamaza, mjukuu wangu anaumia kwa uongo wangu, na yule mzee anaitwa mwizi kaburini.

Jumamosi wazee wa upande wa kijana wanarudi kwa mara ya mwisho. Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngesema? Na mngeanzia wapi?