Wifi Yangu Hakukimbia Sindano

Wifi yangu, kitinda mimba kwao na dada wa marehemu mume wangu, amefua mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa. Sindano zilizosahaulika ndani ya mashuka huwachoma wafuaji, kwa hiyo wote walichanjwa homa ya ini, dozi tatu. Wifi alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Baada ya miezi miwili damu zikapimwa. Ya kwake haikuwa hata na chembe ya kingamwili, ile kinga ambayo chanjo huuamsha mwili kuitengeneza. Msimamizi wao akamsimamisha asubuhi kwenye mashine za kufulia, mbele ya wenzake: eti kagongewa muhuri kwenye kadi bila kuchomwa.

"Mama, sindano unaogopa, uongo huogopi?"

Wengine wakacheka.

Niliposikia, damu ilinichemka. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuitwa mwongo. Nikaenda maabara mwenyewe.

Mpimaji, mama wa makamo, aliguna. "Hayo msimamizi kayasoma wapi, dada yangu? Chembe hai zinazotengeneza kingamwili hazijiamulii. Husubiri protini za ishara kutoka kwa chembe nyingine: anza, ongeza, sasa acha. Kuna watu wachache ambao, ukiwachanja, pengine ishara hiyo haifiki ipasavyo. Wamechomwa kweli, na kipimo kinasema sifuri."

"Basi mwandikie msimamizi."

"Nimemwandikia. Kasoma, kasema namtetea shoga yangu. Hata simjui!"

Wifi hakulia. Alimfuata msimamizi, akakunja mkono wa gauni. "Nichomwe mbele yako, kaka. Zote tatu. Waite na waliocheka."

Ilichukua miezi sita. Kila dozi msimamizi alishuhudia na kutia sahihi yake. Damu ikapimwa tena: sifuri.

Hapo bwana akataka yaishe ofisini, kwa kupeana mikono. Tusi hadharani, radhi chumbani!

"Hapana," wifi akasema. "Umenichafulia jina mbele ya mashine, nisafishie mbele ya mashine."

Nilikuwepo, nilijialika. Msimamizi akaisoma barua ya kumsafisha wifi huku akimeza maneno. Nikamwambia, "Rudia, baba, huku nyuma hatujasikia." Akarudia.

"Ahsante," wifi akasema. "Kumbe mwili wangu hauna kinga, na miaka yote nafua kwa glavu za kuoshea vyombo. Glavu nene zisizopenywa na sindano ziko wapi?"

"Zitaagizwa."

"Zikifika, niite."

Akavua aproni, akaketi kwenye benchi. Mmoja baada ya mwingine wafuaji wakazima mashine, waliocheka wakiwemo, wakaketi naye.