Kocha Aliyevua Kofia Jeddah

Enzi zetu mpira ulikuwa karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba ya katani, na aliyeupasua alifuatwa mpaka kwao. Nyinyi mliozaliwa na viatu vya njumu miguuni mtatuwia radhi. Mama alikuwa mpishi katika chuo cha ualimu, na kila jioni sisi watoto wa jikoni tulijipanga nyuma ya ua wa michongoma kumtazama Kocha Barasa akiwanoa wanachuo. Hadi leo nikisikia harufu ya nyasi zilizofyekwa namwona yeye. Wakati wa mapumziko aliwakatia wachezaji machungwa, maganda tukaachiwa sisi. Tuliyatafuna kwa heshima zote.

Kocha hakuwa na cheti. Alikuwa na kofia, filimbi na sheria moja: mechi ikianza, hakuna anayeondoka uwanjani bila kuomba ruhusa. Siku moja mkuu wa chuo alikuja na tai yake kumwita winga akasukume gari la wageni lililonasa kwenye tope.

“Mwalimu, heshima yako iko palepale,” kocha akamwambia, “lakini huyu hatoki mpaka mapumziko. Keti.”

Mkuu akaketi. Akapewa na kipande cha chungwa, wageni wakabaki topeni. Mama alicheka wiki nzima. “Yule mzee,” alisema, “hata malaika mtoa roho akija ataambiwa angoje filimbi.”

Baadaye akaja mkuu mwingine, naye akataka kocha mwenye cheti. Akaletwa kijana wa saa kubwa na suruali ya kubana, akawafundisha wachezaji kuchora mishale ubaoni. Timu ikaanza kufungwa kitaalamu. Kocha Barasa akarudi kwake kukamua ng'ombe, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Ndipo ikaja miaka ile ya maajenti, kila boma likitoa mtu wa kwenda Saudia. Mimi nilitangulia Riyadh, nikawa dereva, na Ijumaa nikawa kapteni wa timu ya Wakenya wa mtaa wa Al-Shumaisi. Ijumaa moja nikaiona ile kofia kando ya uwanja wetu wa vumbi. Ajenti alikuwa amemwahidi kazi ya ukocha chuoni. Alipofika akakabidhiwa ufunguo wa gari na kiti cha mtoto.

“Wanafunzi wangu ni watatu,” aliniambia, “na wote wanatapika njiani.”

Tukampa timu siku hiyo hiyo. Kupanga kikosi kule si mchezo. Beki wetu bora alipatikana tu bosi wake akiwa amelala, na golikipa alidaka na simu ndani ya soksi, madam asije akataka mkate. Kocha hakumzuia mtu, maana kafili, yule bosi mwenye kibali chako, ni kafili. Lakini sharti uombe. Ukitoroka bila kuomba, halas, hukuchezeshwa tena.

Kiangazi kimoja mabosi wetu wengi walikwenda Jeddah kupumzika, wakatubeba sisi madereva wao. Yaani kikosi chetu kilichaguliwa na likizo za watu wengine. Tukakubaliana mechi na Wakenya wa Al-Safa, mtaa wa hukohuko Jeddah, waliokuwa wametukejeli kwenye simu mwaka mzima. Kocha alipiga pasi shati lake.

“Tukishinda, tutapiga picha,” alisema. “Nataka nimtumie yule wa saa kubwa.”

Tulikuwa sare, bao moja kwa moja, kipindi cha pili kimepamba moto, simu ya kocha ikalia. Sote tulisikia “Yalla! Yalla!” ikipasuka humo ndani. Madam wake alitaka kupelekwa sokoni, sasa hivi. Ikama ya kocha, kibali chake cha kuishi Saudia, ilikuwa karibu kwisha, na bosi alikwisha mwonya: akichelewa tena, haisainiwi, anarudi nyumbani.

Nilidhani ataingia garini kimyakimya. Akasimama mstarini, akanyoosha mkono mpaka mwamuzi akasimamisha mchezo. Akavua kofia, akanitazama mimi.

“Kapteni, naomba ruhusa kutoka.”

Nilitamani kumwambia, keti, mwalimu, madam angoje filimbi. Nilitamani hata kumpa huyo madam kipande cha chungwa.

“Ruhusa, mwalimu,” nikasema.

Akashukuru, akavaa kofia, akakimbia kuelekea garini, mtu mzima yule, na shati lake la pasi. Tulishinda mbili kwa moja. Picha tulipiga, na kocha hayumo.

Siku hizi vijana wana njumu za rangi tatu na makocha wenye kompyuta. Tumeunda nao kundi la WhatsApp la timu, na mtu akiambiwa tu kwamba hakukaba vizuri, anatoka kwenye kundi bila hata kwaheri. Mimi nikiona hivyo hunijia mzee mmoja, kichwa wazi juani Jeddah, akiomba ruhusa kwa mtoto aliyekula maganda ya machungwa yake.