Kaseti Ambayo Haikurudi

Niliacha shule darasa la tano, lakini mashine yoyote iliyopita mikononi mwangu niliifungua nijue ndani kuna nini. Miaka ile ya vita nilizunguka kati ya Muhuta na Rumonge, ufukweni mwa Tanganyika upande wa Burundi, leo nakamua mawese Kizuka, kesho nabeba mizigo ufukweni, na begani nilikuwa na radio ya kaseti yenye kipaza sauti chake. Mawe yake, yaani betri, yakichoka niliyaanika juu ya bati, yakapata nguvu ya nusu saa nyingine.

Kwa radio hiyo niliwarekodia watu barua. Familia nyingi zilikuwa zimevuka ziwa kwenda kambini Tanzania, na si wote walijua kuandika. Kaseti ilikwenda na mwenye mtumbwi, ikasikilizwa kule, jibu likarekodiwa juu ya maneno yale yale, ikarudi. Kaseti zilikuwa adimu, kwa hiyo hakuna aliyebaki na ya mwenzake. Na kila barua ilianza namna moja: amahoro, yaani amani, huku hatujambo, watoto wanakua. Hata aliyezika juzi alianza hivyo. Kule kaseti ilisikilizwa na ukoo mzima, na nani anataka kulia mbele ya mashemeji?

Aliyekataa ni mmoja tu, fundi wa karabai za wavuvi. Alikuwa Mkongo, aliyekuja Rumonge kwa barabara kupitia Uvira, si kwa maji, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini. Wakati huo uvuvi wa usiku ulikuwa umekatazwa, taa hazina kazi, naye akashinda na gitaa lake, uzi mmoja ukiwa waya wa breki ya baiskeli. Mkewe alikuwa amevuka na mama yake. Sasa habari zilifika kwamba ameolewa kule.

"Nataka kumuimbia," aliniambia. "Gitaa na mimi, basi."

"Na salamu, kaka?"

"Salamu ya nini? Mimi si muzima."

Tulikaa uani kwake mchana, akaimba nyimbo tano. Katika nyimbo za mapenzi nilizozizoea, mwanamume humlaumu mwanamke, hujisifu, humaliza. Huyu hakumlaumu mtu. Wimbo wa tatu ulisema kwamba siku ya safari alimshika mkewe mkono hadi majini, akamwambia nitafuata wiki ijayo, huku akijua hatafuata, kwa sababu analiogopa ziwa. Fundi wa taa za wavuvi! Hapo sauti ilimkatika, akalia. Kikasikika kinu cha jirani aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, kisha jirani mwenyewe nyuma ya ua wa matete:

"We baba, imba ao lia, usichanganye!"

Fundi alipokwenda kunywa maji nilirudisha kaseti nyuma, nikafuta kilio, kinu na jirani. Nilijiona mtaalamu. Aliporudi akaomba kusikiliza.

"Pale nililia iko wapi?"

"Nimesafisha. Si ilikuwa aibu ile?"

"Aibu ya nani, mudogo yangu?"

Jibu nililijua, nikabonyeza tena kitufe cha kurekodi. Akaimba tena, vizuri, bila kukatika, na kadiri alivyoimba vizuri ndivyo alivyokasirika. Mwishowe alinisogezea kipaza sauti mdomoni.

"Ongea wewe. Mwambie umefuta nini."

Nilikuwa nimerekodi sauti za watu wengi, yangu sijawahi. "Amahoro, shemeji, huku hatujambo..."

"Acha hiyo!"

Nikaanza upya. "Shemeji, hapa alilia. Nilifuta mimi, niliona aibu. Kuna mtu alikuwa anatwanga sombe."

"Ni mimi!" jirani akapaza sauti.

Hiyo tuliiacha. Kaseti ikaondoka, na fundi akaniambia kitu kimoja tu alichokuwa akikiogopa: "Ikirudi na sauti yake juu ya yangu, ujue amenifuta."

Baada ya majuma kadhaa mwenye mtumbwi alileta kaseti. Fundi aliiona mkononi mwangu akageuza uso. Mimi niliiangalia kwanza. Yetu ilikuwa nyeusi. Hii ilikuwa nyeupe, yenye karatasi ya kwaya ya kanisa.

"Kaka, siyo yetu."

Tukaiweka. Sauti ya mwanamke ilianza moja kwa moja: "Nimeolewa, sirudi. Ulinidanganya pale majini na nilijua siku ile ile. Sikujua tu kama wewe pia ulijua. Kaseti yako nimebaki nayo. Na yule wa radio, mwambie asifute watu."

Kisha kwaya ikaendelea katikati ya wimbo wake. Nyuma ya matete kinu kilikuwa kimenyamaza.

Fundi aliniomba nirudishe mwanzo. Alisikiliza tena akiwa ameinamisha kichwa, halafu akacheka, mara ya kwanza tangu habari zile zifike.

"Umesikia?" alisema. "Naye hakunisalimu."