Wembe wa Nashon Oloo

Kufikia mwaka 1956, Nashon Oloo alikuwa ameibeba mashine ya kunasa sauti miaka minne, hata bega lake la kulia likashuka kuliko la kushoto. Alijua kuikaza springi, kuifunika maikrofoni kwa soksi ya sufu ili upepo usiingie, na kuomba watu wanyamaze kidogo anase kimya cha mahali pale, maana kila mahali pana kimya chake. Lakini alikuwa mtu wa haya, na kwenye kituo cha redio mjini walimwita Hamali.

Mwaka huo kituo kilitafuta mtu wa kutayarisha vipindi vyake mwenyewe, bila kuandikiwa na ofisi. Nashon aliitamani kazi hiyo kuliko chakula. Ili aonyeshe uwezo wake, akachagua habari ya wanawake wanaoosha matumbo mtoni, kwenye machinjio ya Dagoretti, akamwomba mtangazaji Ephantus Gichuru atoe sauti.

"Ndugu yangu, nitakutaja mbele ya mkuu," Ephantus aliahidi.

Walipofika mtoni, Ephantus alijiziba pua kwa kitambaa cha hariri. Wanjira, mama aliyezamisha mikono kwenye karai la matumbo, akaangua kicheko.

"We bwana wa tai! Nyama unakula, harufu yake hutaki? Rudi kwa gari ukae na pua yako. Wacha huyu wa mashine aulize, ako na adabu."

Ephantus alirudi garini kweli. Nashon akauliza maswali yote.

Siku mbili aliinama mezani na wembe, akikata utepe na kuunga. Maneno ya Wanjira kuhusu pua aliyatoa kwa huruma, akakitundika kipande hicho msumarini, kama alivyotundika vipande vyake vyote mpaka kipindi kitangazwe. Maswali yake mwenyewe aliyatoa pia. Mahali pake akaweka sauti ya Ephantus akiuliza yaleyale, iliyonaswa ofisini, na chini yake kile kimya cha mtoni. Ungeapa Ephantus alisimama matopeni.

Alhamisi mkuu wa kituo alikisikiliza, mlango ukiwa wazi. Nashon alikuwa nje.

"Na Oloo alifanya nini?" mkuu aliuliza.

"Oloo hubeba sanduku, bwana. Ukimwonyesha mara tatu, anakumbuka hata kubonyeza."

Wakacheka. Ephantus akapewa ile kazi papo hapo.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Utepe ulirudishwa kwa Nashon autunze mpaka Jumamosi. Ijumaa mchana alifunga mlango, akashusha kile kipande msumarini na kukiunga mahali pake. Raha aliyoisikia hakuwa ameionja hata siku ya harusi.

Jumamosi saa moja jioni, kipaza sauti cha soko la Dagoretti kilimtoa Ephantus akiuliza swali kwa madaha, kisha Wanjira akamrudisha garini na pua yake. Soko zima lilicheka hadi watu wakashikana mabega. Jumatatu asubuhi makondakta wa mabasi mjini walikuwa wakimwita Ephantus Bwana Pua.

Mkuu alipitisha kidole juu ya utepe, asipaone palipoungwa.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, bwana. Nilikata mimi, nikaunga mimi. Na pale mtoni niliuliza mimi."

Akafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Mkewe Selpher, aliyekuwa yaya Kileleshwa, alimkaripia katika chumba chao kimoja cha watumishi. "Umemwaga unga wetu kwa ajili ya kicheko?"

Jumatano Ephantus alibisha hodi, tai haipo shingoni.

"Oloo, ndugu yangu, nafasi yangu wameizuia. Mwandikie mkuu kwamba ulikosea kuunga. Nitamwomba akurudishe kazini."

Selpher alimtazama mumewe kwa matumaini.

"Sikukosea," Nashon alisema.

"Hujui ninavyopata taabu! Jumapili kanisani Kinoo watu walijiziba pua nilipoingia!"

Nashon alimsogezea kiti, akaketi mbele yake kwa adabu ileile aliyowaulizia wanawake wa mtoni, mikono juu ya magoti.

"Rudia hapo, Bwana Gichuru," alisema. "Polepole. Ulipoingia, nani alianza?"